Utafiti wa Kiharakati Kuhusu Michango ya Shule: Mwongozo kwa Vikundi vya Wazazi Nairobi

Rimu ya karatasi, pesa ya mtihani, ya ulinzi, ya maji, ya dawati, ya motisha ya mwalimu, tuisheni ya Jumamosi. Mzazi wa shule ya msingi ya umma Nairobi hukariri orodha hii bila kusaidiwa, na anajua pia kwamba elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo Januari 2003. Kikundi kikitaka kulivalia njuga jambo hili, hasira huwa ipo tele. Kinachopungua ni ushahidi ambao afisa wa elimu hawezi kuufuta kwa kusema, "Hayo ni malalamiko ya watu wachache."

Utafiti wa kiharakati hufanywa na watu ambao tayari wana upande. Kuwa na upande hakuna ubaya. Ubaya ni kuuficha, au kuuacha ujaze majibu kabla mzazi hajafungua kinywa. Ushahidi wenu utachunguzwa kwa ukali kuliko wa mtu asiye na upande, kwa hiyo jiwekeeni kanuni kali tangu mwanzo. Tena, kwenye utafiti wa michango ya shule, hatari haimwangukii mtafiti. Inamwangukia mtoto anayerudi darasani Jumatatu asubuhi. Karibu kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuanzia kwa mtoto huyo.

Mfano tutakaoutumia ni wa mtaa wenye shule tatu za msingi za umma. Ukubwa huo kikundi kidogo kinauweza.

Anzeni na uamuzi mnaotaka ubadilike

Kabla ya hojaji, andikeni kwenye karatasi moja: nani ana uwezo wa kuliondoa tatizo hili, na kwa sheria ipi? Vikundi vingi hurukia mlango usio wao. Chini ya Katiba ya 2010, kaunti ina jukumu la chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na malezi ya watoto wadogo. Shule ya msingi ni ya Serikali ya Taifa. Ukipeleka suala la michango ya Gredi ya 5 kwa mwakilishi wa wadi, atakusikiliza vizuri sana, atapiga picha nawe, na hatakuwa na la kufanya. Mlango wenu ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti (ambayo, licha ya jina lake, ni chombo cha Sheria ya Elimu ya Msingi), kisha Wizara au Bunge.

Sheria zenyewe ni chache na inafaa kila mmoja kikundini azijue:

- Kifungu cha 53 cha Katiba: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.
- Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 29: shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini hakuna mtoto wa kukatazwa kuhudhuria masomo kwa kutolipa, na pesa hazikusanywi bila risiti rasmi.
- Sehemu ya 32 inakataza pesa za kumwandikisha mtoto. Sehemu ya 37 inakataza tuisheni wakati wa likizo.

Isomeni hiyo ya 29 mara mbili. Haisemi kila mchango ni haramu. Inaweka masharti matatu: idhini, risiti, na mtoto kutofukuzwa. Basi utafiti wenu una maswali matatu yanayopimika, na neno "haramu" halina kazi kwenye hojaji.

Nani mwenye matokeo

Kikundi cha watu 14 kinatosha: 12 wa kuuliza maswali wakiwa wawili wawili, mmoja wa kutunza data, mmoja wa kuratibu. Angalau nusu wawe wazazi wa shule hizo, lakini mzazi asihoji watu wa ploti yake wala wazazi wa darasa la mwanawe. Jirani hamwambii jirani kwamba mwanawe alirudishwa nyumbani kwa shilingi 300.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya kazi kuanza, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja anakisoma. Nani ana haki ya kutoa matokeo? Nani anaweza kuzuia kisa kimoja kisichapishwe? Shirika lililotoa nauli lina sauti gani? Data itafutwa lini? Mhadhiri aliyesaidia akitaka kuandika makala ya jarida, ataomba ruhusa kwa nani? Mambo haya yakiachwa, hugeuka ugomvi siku gazeti linapopiga simu.

Afrika Mashariki si mgeni wa utafiti wa namna hii. Miaka ya 1970, watafiti wa Tanzania na Finland, akiwemo Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, walikuwa wakifanya utafiti shirikishi pamoja na wanavijiji wa Bagamoyo kwenye mradi ulioitwa Jipemoyo. Hapa Nairobi, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulishiriki kwenye kazi ya kukusanya takwimu za Mukuru ambako kaunti ilitangaza eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Waliohesabiwa ndio walioshika kalamu. Mtafiti akija na fomu zilizokwisha kuchapwa na kuomba "msaada wa kuingia mtaani", huyo anatafuta wabeba mizigo.

Leseni na vibali

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kwa utafiti nchini. Njia rahisi kwa kikundi ni kushirikiana na mhadhiri wa chuo chenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa: kamati inapitia mpango wenu, mnapata cheti chake, kisha mnaomba leseni mtandaoni. Tengeni miezi miwili au zaidi. Kamati hurudisha maombi mengi kwa sababu tatu: fomu ya ridhaa ndefu isiyoeleweka, mpango wa data usiosema nani ataiona, na kutokuwepo kwa utaratibu wa nini kitafanyika mtoto akieleza kwamba anapigwa.

Mkiwa na leseni, pitieni kwa Kamishna wa Kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, halafu chifu na wazee wa mtaa. Kwa chifu, mpelekee taarifa na nakala ya leseni. Msimwombe awachagulie watu wa kuhojiwa. Atawachagua, kwa moyo mweupe kabisa, na wote watakuwa watu wake.

Kuhesabu milango

Kuitisha mkutano na kuwahoji waliokuja ni kosa kubwa kuliko yote. Wanaokuja ni wenye uchungu zaidi na wenye nafasi zaidi. Mama anayefua nguo za watu Buruburu au baba wa kibarua cha Industrial Area hayupo hapo.

Fanyeni hivi. Tembeeni mtaa mzima na kuhesabu milango, maana ploti moja ya mabati inaweza kuwa na milango 20. Tuseme mmepata 1,800. Jaribuni milango 30 kwanza mjue ni mingapi ina mtoto kwenye shule zile tatu. Ikiwa ni mmoja kati ya mitatu, na mnataka kaya 144, mtahitaji milango 432, na mkiongeza ya waliokataa na iliyofungwa, kama 600. Gawanyeni 1,800 kwa 600: mtabisha kila mlango wa tatu. Pa kuanzia papatikane kwa kura ya vikaratasi 1 hadi 3.

Kwa nini 144? Jozi 6, mahojiano 6 kwa siku, Jumamosi na Jumapili mbili. Kila jozi itabisha milango kama 25 kwa siku, na mahojiano ni dakika 25. Jozi ikirudi na mahojiano 12 kwa siku, kaeni nayo chini. Kuna fomu zilizojazwa chini ya mti.

Mlango ukiwa umefungwa, rudini mara mbili, saa tofauti. Msihamie kwa jirani aliyepo, kwa sababu kutokuwepo nyumbani ndiko kunakomtofautisha mzazi wa kibarua na wengine. Kwenye ghorofa za Pipeline, anzeni juu mkishuka. Miguu ikichoka watu huishia ghorofa ya pili, na kodi ya juu si ya chini. Mwelezeni keretaka kwanza. Asiyeelezwa hufunga geti, na ana haki.

Maswali

Swali baya: "Je, mwalimu mkuu anawatoza pesa kinyume cha sheria?" Linamfundisha mzazi jibu, linamtaja mtu, na linahitaji mzazi awe wakili.

Mfululizo unaofanya kazi ni huu:

1. Tangu muhula huu uanze, kuna pesa yoyote uliyoombwa na shule? (Subirini kwanza ataje mwenyewe.)
2. Someni orodha, kitu kimoja kimoja: mtihani, rimu, tuisheni, ulinzi, maji, dawati, chakula, mwalimu wa bodi, safari, nyingineyo.
3. Kwa kila kimoja: uliombwa kiasi gani, ulilipa kiasi gani, kwa njia gani (M-Pesa, taslimu mkononi, benki), ulipata risiti?
4. Uliambiwa vipi? Barua, kikundi cha WhatsApp cha darasa, mtoto alitumwa, mkutano?
5. Kuna siku mtoto alikosa masomo, mtihani au matokeo kwa sababu ya pesa hiyo? Siku ngapi?
6. Kuna kitu ambacho pesa hizo zimeleta na unakiona?

La 6 wanaharakati hupenda kulifuta. Liacheni. Majibu yake ndiyo yatakayowaonyesha kwamba sehemu ya pesa inalipa walimu walioajiriwa na bodi kwa sababu TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, haijaleta wa kutosha, na kwamba mgao wa serikali kwa shule ya msingi, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ukichelewa, mwalimu mkuu hununua chaki kwa pesa za wazazi. Hapo ndipo utafiti unapoweza kumwacha mwalimu mkuu na kuelekea Hazina ya Taifa. Kama hamko tayari kwa matokeo hayo, mnachotaka kuandika ni shutuma.

Msiulize "mwaka mzima ulitoa ngapi". Hakuna anayekumbuka; atabahatisha, na ataegemea kubwa. Muhula huu, na uliopita kama lazima.

Jina la mwalimu halitajwi mahali popote kwenye fomu. Mzazi akilitaja, andikeni "mwalimu".

Ridhaa, na pesa ya soda

Ridhaa isomwe kwa sauti, isizidi dakika mbili: sisi ni nani, tuna upande gani (semeni), tutauliza nini, nani ataona, unaweza kukataa swali lolote au kuacha katikati, na kuacha hakukupunguzii kitu. Sahihi huwatisha watu, na karatasi yenye sahihi ndiyo hatari kubwa ikipotea. Ombeni kamati iwaruhusu ridhaa ya mdomo inayotiwa alama na mhoji.

Suala la pesa litawafuata. Mzazi akiuliza "na mimi napata nini?", ana haki ya jibu wazi. Ama hakuna anayelipwa, ama wote wanapewa kiasi kimoja kidogo cha kufidia muda, kilichotajwa mwanzoni na kinachotolewa hata anayeachia njiani. Kumpa huyu 200 na yule maneno matamu kutavunja utafiti kabla ya jua kutua, kwa maana mtaani habari hutembea kuliko nyinyi.

Watoto

Kama jibu mnaweza kulipata kwa mzazi, msimuulize mtoto. Ikilazimu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na maadili yanataka mtoto mwenyewe akubali. Mtoto akinyamaza au kuangalia chini, huko ni kukataa. Mahojiano yafanyike pahali mnapoonekana lakini hamsikiki, kamwe si shuleni, kamwe si chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Kabla ya siku ya kwanza, jueni mtafanya nini mtoto akisema anapigwa au anaguswa. Viboko shuleni vimekatazwa na sehemu ya 36 ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Mwambieni tangu mwanzo kwamba mengi mtayatunza, isipokuwa habari ya kudhurika kwake. Akieleza, acheni hojaji, msimhoji kama polisi, mwite mratibu, kisha afisa wa watoto au nambari ya bure 116. Mhoji asiahidi "sitamwambia mtu".

Mkiamua kupima kusoma na kuhesabu pia, igeni Uwezo, iliyoanza kupima watoto wa Afrika Mashariki mwaka 2009: watu wa kujitolea walimpima mtoto nyumbani, na mzazi akaambiwa matokeo papo hapo. Kupima shuleni kunawaacha nje waliofukuzwa, ambao ndio mnaowatafuta.

Risiti, meseji na picha za skrini

Hapa ndipo vikundi vingi huwachoma wazazi bila kujua. Meseji ya M-Pesa ina jina, nambari ya simu na msimbo wa muamala. Hata ukifuta jina na nambari, msimbo peke yake unatosha: mwenye taarifa ya paybill ya shule anautafuta, anampata mzazi, anampata mtoto. Futeni msimbo, saa, na salio. Kiasi cha ajabu kama 1,370 kinaweza kuwa ni mzazi mmoja tu shule nzima. Kwenye ripoti andikeni "zaidi ya 1,300".

Picha ya skrini ya WhatsApp ni mbaya zaidi. Majina yanaonekana kama yalivyohifadhiwa kwenye simu ile, kwa hiyo "Mama Brayo wa Plot 10" inamwonyesha mwenye simu kwa yeyote anayemjua Mama Brayo. Upande wa jumbe pia hueleza nani aliyepiga picha. Andikeni upya maneno ya ujumbe na tarehe ya wiki, basi. Kufunika kwa rangi kwenye simu hakuaminiki, kwa sababu kalamu ya kuangazia huacha maandishi yakisomeka ukiongeza mwangaza.

Fomu zikusanywe kwa programu kama KoboToolbox, inayofanya kazi bila intaneti, na kipimo cha mahali kikiwa kimezimwa. Kila kaya ipewe namba. Daftari linalounganisha namba na mlango likae kwa mtu mmoja, kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na simu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na wahusika wenyewe waelezwe.

Barua ya kuomba habari

Wakati mnabisha milango, barua iwe inatembea. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, bila ada ya kuomba. Mnaweza kulipia nakala tu. Ombeni vitu vichache vinavyotajika: tarehe na kiasi cha mgao ulioingia shuleni kila muhula wa mwaka huu, nakala ya idhini ya kila mchango, idadi ya wanafunzi walioandikwa kwenye mfumo wa serikali ikilinganishwa na walio darasani. Hilo la mwisho lina siri yake: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama kuandikwa, na mgao hufuata walioandikwa.

Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Aliyepokea ana siku 21 za kujibu, na bila muhuri siku hizo hazijaanza popote. Zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa mmekataliwa, nanyi mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, kuomba mapitio. Msingoje zaidi ya siku 30. Barua iandikwe na mtu asiye na mtoto shuleni hapo.

Kuchambua bila kujidanganya

Gawanyeni kila dai katika ngazi tatu: A ni lenye risiti au meseji mliyoiona, B ni lenye ujumbe wa shule wa kuomba pesa, C ni neno la mzazi peke yake. Ripotini kila ngazi kivyake. Dai la C si uongo, lakini likichanganywa na A, mtu akiliangusha moja anaangusha yote.

Kwa makosa ya sampuli, kanuni ya haraka: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa kaya 144 ni 1 kwa 12, yaani kama asilimia 8 juu au chini. Shule moja ikiwa na kaya 48, inafika 14. Maana yake hamwezi kusema shule ya kwanza inatoza kuliko ya pili kwa tofauti ya asilimia 10. Semeni "wazazi 31 kati ya 48" na mwache hapo. Kundi lenye watu chini ya 5 lisichapishwe kabisa.

Kisha mpeni mmoja wenu kazi ya kupinga: wiki nzima atafute kila kaya inayokwenda kinyume na hoja yenu, na alichopata kiingie kwenye ripoti.

Kurudisha, kisha kutoa

Matokeo yaanze kwa wazazi. Vikao vitatu vidogo, karatasi kubwa ukutani, namba zisizozidi saba. Ulizeni: kuna namba hapa inayomfichua mtu? Wao wataiona kabla yenu.

Halafu mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wapate rasimu na siku 14 za kujibu kwa maandishi. Jibu lao lichapishwe lote. Baadhi yenu mtaona huku ni kumwonya adui. Lakini mwalimu mkuu aliyejibu kwa barua kwamba mgao ulichelewa miezi miwili amewapa ushahidi ambao msingeupata kwa kubisha milango elfu.

Chagueni wakati. Ripoti isitoke wiki ya mitihani, walimu wakiwa na mtoto huyo chini ya mkono wao. Na kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia, kila karatasi yenye jina la wadi itasomwa kama kampeni. Mgombea akitaka kuwalipia uchapishaji, kataeni kwa maandishi. Kwenye ripoti shule ziitwe A, B na C, isipokuwa mkiwa mnawasilisha malalamiko rasmi kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Muhula mmoja baada ya kutoa, rudini kwa kaya 20 zilizochaguliwa kwa kura kwa kutumia lile daftari la sandukuni. Maswali ni mawili: pesa mnazoombwa zimebadilika? Na mtoto amesumbuliwa na mtu yeyote kuhusu utafiti huu? Mkipata ndiyo moja kwenye la pili, hiyo ndiyo kazi ya kikundi kuanzia jioni hiyo. Mkimaliza, choma daftari mbele ya kikundi kizima na muandike tarehe kwenye kumbukumbu za mkutano.